Mwaka ulioandikwa kwenye chupa: namna baridi, mvua na jua vinaamua divai ya Champagne



Kila tunapokaa na wakulima kisha msimu, kuko swali moja linalorudi: shamba ni lile lile, miti ni ile ile, mikono ni yetu ile ile, juu ya nini mazao ya mwaka huu hayafanani na ya mwaka jana? Na swali la pili linafuata mbio nyuma yake: kama ni hali ya hewa ndiyo iliharibu, nani anabeba hasara?

Katika toleo hili tunataka kutembea mbali kidogo, mpaka Ufaransa, kwa wakulima wa zabibu wa jimbo la Champagne. Hao ndio wanaotoa ile divai yenye povu tunayoiita shampanye, ambayo kizibo chake kinaruka juu kwenye harusi za wenye uwezo. Wengi wetu hatujaionja, na si lazima. Kitu tunachotafuta kwao ni kingine. Wakulima hao wanaishi mahali ambapo hali ya hewa inawasumbua karibu kila mwaka, na kwa zaidi ya miaka mia moja wamejifunza kujibu yale maswali mawili. Jibu la swali la kwanza linaandikwa kwenye chupa. Jibu la pili liko ndani ya depo.

Kwanza, tujue shampanye ni kitu gani

Champagne iko mashariki ya Paris, karibu na miji ya Reims na Épernay. Mashamba yake ya zabibu yote pamoja yanafika karibu hektari 34,000, na wakulima ni karibu 16,000. Fanyeni hesabu wenyewe: ni kama hektari mbili kwa mkulima mmoja. Makampuni makubwa ambayo majina yao yanajulikana dunia nzima yako na mashamba kidogo tu. Zabibu nyingi wanazinunua kwa wakulima. Wakulima wengi nao wako ndani ya koperative. Koperative moja kubwa sana, iliyoanzishwa mwaka 1972 kule Chouilly, inaunganisha koperative ndogo za vijiji na maelfu ya wakulima, na ndiyo inayouza shampanye ya jina Nicolas Feuillatte. Basi tukisema habari za Champagne, tunasema pia habari za watu kama sisi: mtu na shamba lake dogo, mizani ya koperative, na mnunuzi mkubwa upande wa pili.

Zabibu zinavunwa kwa mkono. Kule mashini ya kuvuna imekatazwa. Kilo 4,000 za zabibu zinakamuliwa polepole, na sheria inaruhusu kutoa litre 2,550 za maji yake, si zaidi. Maji hayo yanachacha mara ya kwanza na kuwa divai ya kawaida, nyepesi na chachu mdomoni kama limau. Kisha divai hiyo inatiwa ndani ya chupa pamoja na sukari kidogo, karibu gramu 24 kwa litre moja, na hamira. Chupa inafungwa sana. Hamira inakula sukari na kutoa gazi, na gazi haina njia ya kutoka. Presha ndani ya chupa inafika karibu bari 6, zaidi ya mara mbili ya presha ya mupira wa gari ndogo. Povu lote linatoka hapo.

Juu ya nini chupa nyingi hazina mwaka

Ukichukua chupa kumi za shampanye sokoni, nyingi hazina mwaka wowote ulioandikwa. Si kwamba wamesahau. Ndani yake kumechanganywa divai ya miaka mbalimbali: sehemu kubwa ya mavuno ya karibuni, na sehemu nyingine ya divai ya zamani iliyokuwa inangojea kwenye matangi. Mwaka ukiwa na ukali mwingi, wanaongeza divai ya zamani iliyotulia. Mwaka ukiwa mzito na mtamu, wanaongeza ile yenye ukali. Kwa njia hiyo mteja anapata ladha ile ile kila mara, hata kama mvua ilifanya vurugu.

Lakini kuko miaka ambayo mavuno yanakuwa mazuri kiasi kwamba kuyachanganya ni kuyaharibu. Hapo ndipo wanaandika mwaka kwenye chupa. Wafaransa wanaita hiyo milezime. Masharti yake ni haya:

- Divai yote iliyo ndani lazima itoke katika mavuno ya mwaka huo peke yake.
- Haikubaliwi kutumia zaidi ya asilimia 80 ya mavuno ya mwaka huo kwa chupa zenye mwaka. Sehemu inayobaki ni ya kusaidia miaka inayokuja.
- Chupa inalala chini ya ardhi miaka 3 kwa uchache mbele ya kuuzwa. Chupa isiyo na mwaka inangojea miezi 15.

Hakuna serikali inayotangaza kwamba mwaka fulani ni mzuri. Kila kampuni na kila koperative inaonja, inabishana, inaamua. Ile shampanye maarufu ya Dom Pérignon inatoka na mwaka tu, haitoki bila mwaka. Basi kuko miaka ambayo haitoki kabisa. Kusema "mwaka huu hapana" ni kupoteza feza nyingi. Lakini siku wanaposema "mwaka huu ndiyo", mnunuzi anawaamini na analipa bei ya juu.

Kalenda ya hatari

Sasa tuone namna mwaka unavyojengwa ama kubomoka. Kule hakuna misimu miwili ya mvua kama kwetu. Kuko baridi ndefu, kisha joto fupi, na mavuno ni mara moja tu kwa mwaka. Ukiyakosa, unangoja miezi kumi na miwili.

Aprili na mwanzo wa Mei: mzabibu unaamka. Macho madogo ya majani yanafunguka, laini kama kidole cha mtoto. Usiku mmoja wa baridi kali, umande unaganda kuwa barafu, na asubuhi macho yote yamekuwa meusi kama yamepita motoni. Wakulima wanakesha shambani. Wengine wanawasha mishumaa mikubwa kati ya mistari ya mizabibu ili kupasha hewa. Wengine wanarushia mizabibu maji usiku kucha. Inashangaza, lakini inafanya kazi: maji yanapoganda yanaachilia joto kidogo, na jicho lililofunikwa na barafu hiyo linabaki kwenye sifuri badala ya kushuka chini zaidi na kufa.

Juni: maua. Ikinyesha mvua ya baridi siku hizo, maua yanaanguka bila kushika, ama yanatoa vizabibu vidogo vidogo visivyokua. Tangu siku ya maua, wazee wa kule wanahesabu karibu siku 100 mpaka mavuno.

Julai: mvua ya mawe. Wenzetu wa milimani wanaijua: dakika kumi, na shamba la mtu limechanika wakati la jirani halikuguswa. Ni wakati pia wa milidiu, ugonjwa wa unyevu unaoshambulia majani na vishada. Mkulima yeyote wa viazi ama tomati hapa kwetu anajua jina hilo, hata kama kidudu cha zabibu si kile kile cha viazi.

Agosti: jua linatia sukari ndani ya zabibu. Wafaransa wana msemo kwamba Agosti ndiyo inatengeneza maji ya zabibu.

Septemba: siku za mwisho. Mchana wa jua na usiku wa baridi ni baraka. Mvua nyingi ni balaa: zabibu zinavimba, ngozi inapasuka, kuoza kunaingia. Mwaka 2001 ulikuwa hivyo. Mvua ilinyesha sana mpaka wakati wa mavuno, sukari ikapungua, na ni watu kidogo sana walioandika 2001 kwenye chupa.

Mwaka wa jua kali haukuwa mwaka bora

Hapa kuko jambo ambalo linawashangaza wengi. Mtu anaweza kufikiri: jua nyingi, zabibu tamu, basi divai nzuri. Kwa shampanye si hivyo.

Kumbukeni kwamba divai hiyo inachacha mara mbili. Kila mara sukari inapoliwa, pombe inaongezeka. Zabibu zikivunwa tamu sana, mwisho wake divai inakuwa nzito na yenye pombe kupita kiasi. Tena, kitu kinachoifanya shampanye iwe nyepesi mdomoni na ivumilie miaka mingi chini ya ardhi ni ule ukali, asidi. Zabibu inapoiva, sukari inapanda na asidi inashuka, kama mizani yenye sahani mbili. Mwaka mzuri ni ule ambao sukari imefika na asidi haijaondoka.

Tulinganishe miaka miwili.

Mwaka 2003, baridi ya Aprili iliua karibu nusu ya mavuno kabla hayajaanza. Zabibu nyeupe aina ya chardonnay, ambazo ndizo zinazoleta ukali mzuri, zilipigwa sana. Halafu Agosti likaja joto ambalo Ufaransa haikuwa imezoea. Zabibu ziliiva mbio, asidi ikaanguka, na watu wakaanza kuvuna mwezi wa Agosti, mapema kuliko miaka yote tangu 1822. Makampuni mengi yalikataa kuandika 2003 kwenye chupa. Wachache walithubutu.

Mwaka 2008 ulikuwa kinyume. Kiangazi chake kilikuwa cha mawingu na baridi kidogo, milidiu ilisumbua, na mwisho wa Agosti wakulima wengi walikuwa na uso wa huzuni. Lakini Septemba ilikuja kavu, na jua la mchana na baridi ya usiku. Zabibu ziliiva polepole bila kupoteza asidi. Leo mwaka 2008 unahesabiwa kati ya miaka bora ya Champagne katika karne hii.

Kahawa yetu ya arabika inafundisha jambo linalokaribiana. Kahawa ya juu mlimani, penye baridi, inaiva polepole na inapata ladha kuliko ile ya chini penye joto. Kuiva mbio si kuiva vizuri.

Kule hawaachi siku ya kuvuna iamuliwe na jicho la mtu mmoja. Wiki kadhaa mbele ya mavuno, wanapita katika mashamba mia kadhaa yaliyochaguliwa, mara mbili kwa wiki, wanachukua vishada na kupima sukari na asidi. Kufuatana na vipimo hivyo, kila kijiji na kila aina ya zabibu inapewa tarehe yake. Anayevuna mbele ya tarehe bila ruhusa amevunja sheria, hata kama ana haraka ya feza.

Baridi ya 2021 na akiba iliyookoa watu

Sasa tuingie kwenye swali la pili: nani anabeba hasara?

Mwaka 2021 baridi ya Aprili ilichukua karibu asilimia 30 ya mavuno ya Champagne. Kisha mvua haikukatika na milidiu ikamaliza sehemu nyingine kubwa. Mwaka huo wakulima waliruhusiwa kuuza mpaka kilo 10,000 kwa hektari. Wengi hawakufika hata karibu. Kwa mtu wa hektari mbili, hilo ni pigo la kufunga mlango.

Lakini hawakufunga, kwa sababu ya kitu wanachoita akiba. Inafanya kazi hivi. Kila mwaka kamati ya pamoja, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1941, ambamo wakulima na makampuni wanakaa sawa kwa sawa, inaamua kilo ngapi kwa hektari zinaweza kuuzwa. Mwaka wa mavuno mengi, kilo zinazopita kipimo hicho haziuzwi. Zinakamuliwa, zinakuwa divai, na divai hiyo inawekwa kwenye matangi kwa jina la mkulima mwenyewe. Nayo ina mwisho: kwa miaka mingi kipimo cha juu kilikuwa kilo 8,000 kwa hektari. Mwaka mbaya ukifika, kamati inafungua akiba, na mkulima anauza divai yake ya zamani kujaza pengo la mwaka huo.

Mwaka 2018 jua lilikuwa la kutosha na mavuno yalikuwa mengi, matangi yakajaa. Mwaka 2020, kwa sababu ya Covid, watu waliacha kufanya sikukuu, chupa hazikutoka, na kipimo kikashushwa mpaka kilo 8,000 kwa hektari. Wakulima na makampuni walibishana sana juu ya hesabu hiyo, kwa maana zabibu nzuri zilibaki shambani. Mwaka 2021 ukaja na baridi na milidiu, na divai iliyowekwa miaka ya nyuma ikaziba pengo. Mwaka 2022 ukarudisha jua. Zabibu zilikuwa safi, kipimo kikapanda mpaka kilo 12,000, na akiba ikaanza kujazwa tena.

Tuseme ukweli: akiba inauma. Mwaka mzuri, unaona kilo zako zinaingia kwenye tangi wakati mtoto anadaiwa minervali na paa la nyumba linavuja. Kama kila mtu angeamua peke yake, wachache sana wangeweka. Ndiyo maana ni sheria ya wote, iliyopigiwa kura mbele ya mavuno, wala haiachiwi huruma ya mtu wakati feza ziko mezani.

Kuko pia njia ya malipo. Kwa desturi mkulima wa Champagne halipwi zabibu zote siku moja. Analipwa kwa mafungu manne, yaliyogawanywa ndani ya mwaka. Hilo linasaidia mnunuzi, lakini linamsaidia pia mkulima asimalize feza zote mwezi mmoja.

Mwaka ambao hasira iliwaka

Msifikiri kwamba watu hao walizaliwa na akili ya kukubaliana. Walifika hapo kisha maumivu.

Mwisho wa karne ya 19 kidudu cha filoksera kilifika Champagne na kuanza kuua mizizi ya mizabibu. Kisha ikafuata miaka mibaya mfululizo, na mwaka 1910 hali ya hewa na magonjwa havikuacha karibu kitu cha kuvuna. Wakulima walikuwa na madeni na hawakuwa na zabibu. Hata hivyo chupa za shampanye ziliendelea kutoka mjini. Namna gani? Wafanyabiashara wengine walikuwa wananunua divai ya bei chini kutoka majimbo mengine na kuiuza kwa jina la Champagne.

Januari 1911 wakulima wa Damery na vijiji vya jirani walisimama. Walivamia depo na magari, wakamwaga divai ya wageni ndani ya mto Marne. Aprili mwaka huo huo, katika mji wa Aÿ, nyumba na depo za wafanyabiashara zilichomwa moto, na serikali ikatuma waaskari. Wakulima wa Aube nao walikuwa na hasira yao: walikuwa wametolewa nje ya mipaka ya Champagne, na walidai warudishwe. Ni mwaka 1927 tu ndipo sheria ilifunga ubishi ule na kuweka mipaka inayoeleweka, Aube ikiwa ndani.

Na mavuno ya Septemba 1911, miezi mitano tu kisha moto? Yalikuwa mazuri ajabu. Jua lilikuja kwa wakati wake. Hali ya hewa haikujali nani alikuwa amefilisika.

Kutoka hapo wakulima wa Champagne walielewa jambo moja: jina la mahali ni mali yao, sawasawa na udongo. Anayechanganya kwa siri kitu cha kwingine anakula feza ya kila mtu mwenye shamba pale.

Joto linapanda, na si heri tupu

Leo mavuno ya Champagne yanaanza kati ya wiki mbili na tatu mapema kuliko miaka thelathini iliyopita. Kuvuna mwezi wa Agosti, ambako mwaka 2003 kulionekana kama maajabu, kumerudi mwaka 2007, 2011, 2018, 2020 na 2022. Kwa muda fulani joto lilisaidia: zabibu zinaiva vizuri zaidi kuliko zamani, na miaka ya kuandika kwenye chupa imekuwa mingi.

Lakini kuko gharama. Asidi inapungua. Mizabibu inaamka mapema, na baridi ya Aprili haijaondoka. Ndiyo maana hata katika dunia inayopata joto, baridi iliweza kuiba karibu theluthi moja ya mavuno ya 2021. Wakulima wanajaribu njia mpya. Mwaka 2022 walikubaliwa kupanda, kwa kujaribu na kwa kiasi kidogo, aina mpya ya zabibu inayoitwa Voltis, inayovumilia milidiu. Makampuni mengine yanatazama kaskazini: Taittinger, kampuni ya Reims, ilinunua shamba kusini mwa Uingereza, katika jimbo la Kent, mwaka 2015, kwa kuwa udongo wake wa chokaa unafanana na wa Champagne na baridi yake bado ipo.

Tunachoweza kubeba, na tusichoweza

Hatutaki kuwadanganya kwamba kahawa ama kakao ni divai. Divai nzuri inaweza kungoja miaka mitano, hata kumi, na ikaongezeka thamani. Kahawa yetu ya parche haingoji hivyo. Ikipita mwaka mmoja depoti inaanza kunuka uzee, na mnunuzi anashusha bei. Tena bei ya arabika inafuata soko la New York, wakati wakulima wa Champagne wanajua mapema kwa mkataba zabibu zao zitalipwa namna gani. Kwa hiyo akiba ya kilo ndani ya depo haitatufaa. Lakini kuko mambo manne ambayo yanavuka mpaka bila pasiporo.

*Moja, buku la hali ya hewa.* Koperative inunue kipimo cha mvua na mtu mmoja apewe kazi ya kuandika kila asubuhi. Aandike pia siku maua yalipofunguka, siku mvua ya mawe ilipopiga, siku matunda mekundu ya kwanza yalipofika kwenye mashini. Kisha miaka mitano, buku hilo litajibu swali la "juu ya nini" vizuri kuliko mabishano ya mkutano.

*Mbili, kutenganisha loti.* Kahawa iliyopatwa na mvua siku za kukausha isichanganywe na ile iliyokauka vizuri. Kila loti iandikwe tarehe na kituo chake. Onjeni kwanza, amueni kisha. Loti nzuri iuzwe kwa jina lake. Ile ya kawaida iuzwe kama ya kawaida, bila aibu na bila kudanganya.

*Tatu, akiba ya feza.* Kwa kuwa kahawa haiwezi kungoja, feza ndizo zingoje. Mwaka wa bei nzuri na mavuno mengi, koperative ikate kiasi kidogo kwa kila kilo na kukiweka kwa jina la kila memba, kwenye buku ambalo kila mmoja anaweza kulitazama. Kiasi, masharti ya kufungua na watu wenye kusaini vikubaliwe mbele ya msimu, wakati hakuna mwenye feza mkononi.

*Nne, kulinda jina.* Memba anayeleta kahawa ya kununua kwingine na kuipitisha kwa jina la kilima chetu anafanya kile kilichowasha moto wa 1911. Hata kama ni magunia mawili.

Katika mkutano wenu ujao, tunawaomba muulizane jambo hili moja: msimu uliopita ulipokuwa mzuri, tuliweka nini kwa ajili ya ule utakaokuwa mbaya? Kama jibu ni "hatukuweka kitu", msikate tamaa. Wakulima wa Champagne nao hawakuwa na kitu mwaka 1911. Andikeni jibu lenu kwenye buku la koperative, wekeni na tarehe. Tutakapopita kwenu, tutalisoma pamoja.

Kazi njema shambani, na mvua ije kwa kipimo.